Ilimba ya Mjomba

Nyumbani kwangu kuna ilimba moja ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini sikuthubutu kuigusa mbele ya mtu mzima. Watoto wangu walikua wakiiona imening'inia ukutani, wakidhani kwamba baba ameitundika kwa ajili ya kumbukumbu. Kumbukumbu kweli ilikuwa, lakini si ya aina waliyoifikiria. Chombo kile nilikiharibu mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, usiku mmoja wa mwaka 1987, na aliyekuwa mwenye chombo alifariki dunia kabla sijajua namna ya kukirekebisha.

Mimi ni mtu wa Manyoni. Wengi wakisikia Mkoa wa Singida huwafikiria ndugu zetu Wanyaturu na Wanyiramba, mawe makubwa ya mjini, maziwa ya Singidani na Kindai, kuku wa kienyeji na alizeti. Hayo yote ni kweli. Lakini mkoa huu unashuka pia hadi bondeni, upande wa kusini-mashariki, ambako reli ya kati ikitoka Bahi hupita Kintinku kabla ya kuanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda na Manyoni. Huko bondeni sisi ni Wagogo. Mpaka wa mkoa umetutenga na wenzetu wa Dodoma kwenye karatasi tu. Ng'ombe wetu, posa zetu na ngoma zetu havikuwahi kuujua mpaka huo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mkulima wa mtama na uwele kama watu wengine, wala hakuna aliyemwita msanii. Jioni, baada ya ng'ombe kuingia zizini, alikaa juu ya kigoda, akaipakata ilimba yake na kuipiga kwa vidole gumba. Kwa msomaji asiyeifahamu, ilimba ni sanduku la mbao ambalo juu yake vimepangwa vyuma vyembamba kama ndimi, vimebanwa kwa kipande cha chuma kinachopita juu yao. Ukikisukuma chuma ndani, sehemu inayocheza hupungua na sauti hupanda. Ukikivuta nje, sauti hushuka. Ya mjomba ilikuwa na pete ndogo za bati zilizotikisika kwenye vyuma, na katika tundu la sanduku alikuwa amebandika utando mweupe wa buibui, ule anaofunikia mayai yake. Utando huo ulitia mvumo ndani ya kila sauti, kama nyuki walio mbali. Vipo pia vyuma ambavyo vidole havikuvigusa kabisa. Kazi yake ilikuwa kuitikia vyenyewe wenzake walipopigwa.

Aliimba habari za kijiji: mwaka wa njaa, kijana aliyepanda treni akasahau kurudi, mwanamke aliyedai haki yake kwa wakwe. Nyimbo zilikuwa zake mwenyewe, akizitunga leo na kuzibadili kesho. Nasi watoto tulilala tukizisikia.

Nilipokwenda shule, na baadaye chuo cha ualimu, masikio yangu yalipata mabwana wengine. Redio ya mwalimu mwenzangu ilituletea dansi la Dar es Salaam, nyimbo za Kizaire, na za akina Jim Reeves, zile za kantri kutoka Marekani, zilizoimbwa polepole kwa sauti nzito. Zilitugusa sana. Hatukujiuliza kwa nini nyimbo za wachunga ng'ombe na wakulima wa Marekani zilitufurahisha, hali nyimbo za mchunga ng'ombe na mkulima aliyekuwa mjomba wetu tuliziona za kishamba. Nilijifunza gitaa. Nilijiona nimevuka mto, na mjomba amebaki ng'ambo.

Mwaka ule wa 1987 nilikuwa nafundisha kwaya. Tulikuwa tumepata kinanda cha umeme, magitaa mawili, spika na jenereta, na sherehe kubwa ya mavuno ilikuwa inakaribia. Nikapata wazo ambalo hadi leo naamini lilikuwa jema: kwa nini tusimwite mjomba akapige ilimba pamoja na vyombo vyetu, wazee wafurahi na vijana wajifunze? Nilimwendea. Alicheka, akauliza kama watampa kiti. Siku mbili kabla ya sherehe alikuja tukafanya mazoezi.

Hayakwenda vizuri. Kila kinanda kilipolia pamoja na ilimba, sauti ziligongana. Baadhi ya noti zilikutana, nyingine zilikuwa chini kidogo, nazo ndizo zilizoharibu mambo. Mpiga kinanda alisema mzee hajui kutyuni. Fundi wa spika alisema chombo kinakoroma. Vijana wakatazamana wakitabasamu. Mjomba hakusema neno. Aliniachia ilimba nimtunzie hadi siku yenyewe, akaenda kulala kwa dada yake.

Usiku huo nilichukua koleo na nyundo ndogo, nikakaa karibu na kinanda, na nikavirekebisha vyuma kimoja kimoja. Vingi nilivisukuma ndani. Zile noti zilizokuwa chini nilizipandisha hadi zikalingana na za kinanda. Kisha nikaondoa pete za bati, nikabandua na utando wa buibui ili spika isikorome. Nilifanya kazi hiyo kwa upendo, msomaji, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Nilidhani nampa mjomba zawadi.

Siku ya sherehe alikaa kwenye kiti, mbele ya watu wengi. Tukaanza. Alipiga mzunguko mmoja, akasimama. Akapiga tena polepole, chuma kimoja baada ya kingine, kama mtu anayehesabu watoto wake gizani. Kisha akailaza ilimba mapajani na kusikiliza wimbo wetu mpaka mwisho, kwa adabu, mikono yake ikiwa juu yake. Watu walipiga makofi. Walidhani ndivyo ilivyopangwa.

Jioni nilimfuata. "Shikamoo mjomba," nikasema, ingawa tulikuwa tumekwisha kuamkiana asubuhi. Akaitikia, akanyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Mpwa wangu, chombo hiki ni kizuri. Lakini si changu. Changu kiko wapi?"

Nilimweleza nilichofanya. Hakukasirika. Alisema macho yake hayaoni vizuri tena na vidole havina nguvu ya kuvuta vyuma. Basi nikae nayo mimi, maana sasa inaongea lugha yangu. Sikumsikia akipiga tena. Alifariki mwaka 1991, na sauti ile ikaenda naye, kwa kuwa katika miaka yote niliyolala nikiisikia sikuwahi kuisikiliza.

Baada ya miaka kadhaa, mwanangu mmoja aliyekuwa akisoma Dar es Salaam aliniletea kanda. Ilikuwa *Chibite* ya Hukwe Zawose, iliyotolewa mwaka 1996 na Real World, kampuni ya muziki ya huko Uingereza iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel. Jina lenyewe ni Kigogo, maana yake twende. Nilimfahamu Zawose kwa redio, kama Watanzania wote wa rika langu. Alizaliwa Doduma, upande wa Dodoma, mwishoni mwa miaka ya 1930, akajifunza kwa baba yake. Mwalimu Nyerere, ambaye katika mwaka wa kwanza wa Jamhuri, 1962, aliunda wizara ya utamaduni ili tuache kuona haya kwa vitu vyetu, alimwita Dar es Salaam. Baadaye Zawose akahamia Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Huko alilea jamaa yake yote katika muziki.

Nilikaa na kanda ile usiku mzima, na zile noti za chini zilikuwemo. Zilikuwa pale pale mjomba alipoziweka, hazijasogezwa hata unywele mmoja, na dunia nzima ilikuwa imezilipia kiingilio. Mpiga kinanda wetu alikuwa amesema mzee hajui kutyuni. Kumbe mzee alijua, ila sisi tulikuwa na kipimo kimoja tu mkononi, tukadhani kisicholingana nacho kimekosea.

Watu husema Zawose alihifadhi muziki wa asili. Mimi naona neno hilo halimtoshi. Mtu anayehifadhi huweka kitu kabatini. Zawose aliongeza vyuma kwenye ilimba hadi ikawa kubwa kuliko za wazee wake; zeze la kwetu, ambalo wazee walizoea kulifunga nyuzi mbili tu, yeye alilifunga nyuzi nyingi. Alitunga nyimbo mpya, akaimba kwa Kigogo na kwa Kiswahili, akaisifu nchi iliyokuwa haijazaliwa wakati babu yake akipiga. Huyo alikuwa mtu wa kisasa. Tena mwanzoni mwa miaka ya 2000 alirekodi *Assembly* pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa kutoka Kanada, mkiwemo gitaa na mitambo ya studio. Niliisikiliza kwa hofu, nikitafuta mahali ambapo ilimba imesukumwa ndani kama nilivyofanya mimi. Sikupaona. Kwa masikio yangu, gitaa ndilo lililozunguka kutafuta pa kukaa, na ilimba ilikuwa mwenye nyumba. Mwaka 2002, akiwa na Charles, mtoto wa ndugu yake, alifuatana na Peter Gabriel katika ziara ya Marekani. Desemba 2003 akafariki, na Charles akamfuata mwaka uliofuata.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Kuchanganya jadi na usasa si dhambi. Kila kizazi kimechanganya. Swali ni hili tu: wageni wanapoingia, nani anasogea? Ziko njia nyingi za kulijibu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, alipita nchini Kenya kwa Wakipsigis. Watu wale walikuwa wamesikia kwa santuri nyimbo za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933 na ambaye wengi humwita baba wa kantri. Jina lake lilikwisha kugeuka mdomoni mwao likawa Chemirocha, wakamtungia nyimbo na kumpigia kinubi chao. Tracey alizirekodi. Hakuna aliyeona haja ya kukifunga kinubi upya ili kifanane na gitaa la mgeni. Mgeni ndiye aliyepewa kigoda, akakaa kama watu wa pale wanavyokaa. Nasi tulikuwa na mgeni wa namna hiyo hiyo, Jim Reeves, lakini tulimpisha kitandani tukalala nje.

Kujua kosa ni jambo moja, na kulirekebisha ni jambo lingine. Nilijaribu kuirudisha ilimba kwa kufuata kanda, nikashindwa, kwa sababu redio yangu ya kaseti ilikimbia betri zikiwa mpya na kuvuta miguu zikizeeka. Aliyenisaidia ni mwalimu mmoja wa muziki niliyekutana naye mwaka 2011. Nilimweleza shida yangu, akauliza kama nina gitaa. Nilikaribia kucheka. Gitaa ndilo lililonifikisha pale!

Akachukua gitaa langu, akagusa uzi mmoja kwa kidole bila kuukandamiza, kisha akaupiga. Ikatoka sauti nyembamba kama ya filimbi. "Uzi huu una urefu wa karibu sentimita 65," akasema. "Ukiugusa kwenye robo, unasikia sauti hii. Ukiugusa kwenye sehemu ya tano, hii. Sehemu ya sita, hii." Akawa anapanda ngazi kadiri kidole kilivyokaribia kichwa cha gitaa. Halafu akafika mahali pasipo na kitu, kati ya mstari wa pili na wa tatu wa shingo ya gitaa, kiasi cha sentimita tisa hivi kutoka mwanzo wa uzi. Hiyo ni sehemu ya saba. Akaugusa, akapiga.

Nilishtuka. Ilikuwa ile noti ya mjomba.

Alinieleza kwamba uzi wowote duniani, uwe wa gitaa, wa zeze au waya wa simu, ukigawanywa hivyo hutoa ngazi ile ile, na Wagogo wametyuni ilimba zao na sauti zao kwa ngazi hiyo, kuanzia sehemu ya nne hadi ya tisa au ya kumi. Mistari ya chuma kwenye shingo ya gitaa imewekwa kwa hesabu nyingine, inayogawa sauti katika hatua kumi na mbili zilizo sawa, ili mtu aweze kuhama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine bila kutyuni upya. Hesabu hiyo ina faida zake, lakini kwa ajili ya faida hizo ile noti ya saba haina mstari. Iko chini ya noti ya kinanda iliyo jirani yake kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Si kosa la fundi wala uzembe wa mzee. Ni noti ambayo kinanda kimeiacha, na uzi bado unayo.

Basi nikarudi nyumbani na kuishusha ilimba ukutani. Kwa muda wa wiki tatu nilikaa kila jioni na gitaa mapajani na ilimba mezani, nikigusa uzi kwa kidole kisha nikivuta chuma kwa koleo, unywele kwa unywele. Nilizirudisha pete za bati. Wajukuu walinitafutia utando wa buibui nyuma ya ghala, wakidhani babu amerukwa na akili. Gitaa nililolipendelea dhidi ya mjomba lilinifundisha taratibu kile ambacho yeye alikijua bila gitaa.

Kazi ilipokwisha nilipanda basi hadi Kintinku, kwa mama mdogo, mdogo wake mjomba, ambaye kati ya ndugu wale alikuwa amebaki peke yake. Nilimwamkia, "Mbukwa," akaitika, nikakaa. Sikumwambia nimekuja kwa jambo gani. Niliitoa ilimba katika mfuko, nikapiga wimbo mmoja wa mjomba, kadiri nilivyoukumbuka. Alikuwa anapepeta uwele. Ungo ukasimama. Nilipomaliza alikaa kimya, akatazama mlangoni, kisha akaanza tena kupepeta.

"Unakaribia," akasema.

Nimeyaandika haya kwa ajili ya vijana wa mkoa wetu wanaoanza muziki. Wengi wana vifaa ambavyo sisi tusingeviota, na kompyuta ndogo tu inaweza kubeba bendi nzima. Nawasikia wakitia kipande cha ilimba au zeze ndani ya nyimbo zao, nami nafurahi. Saida Karoli alikwisha kutuonyesha mwaka 2001 kwamba Kihaya na ngoma za Kagera vinaweza kuifanya nchi nzima icheze, hata wasioelewa neno. Msafiri, mwana wa Zawose, alitoa *Uhamiaji* mwaka 2017, ilimba ikiwa pamoja na mashine za kisasa. Na mwaka 2024 Pendo na Leah, binti na mjukuu wa mzee, walitoa *Maisha* kwa jina la The Zawose Queens. Wanawake ambao zamani walisimama nyuma wakiitikia sasa ndio wanaoongoza. Ukisema jadi haibadiliki, watazame hao.

Ila nawaomba jambo moja. Mashine yenu ikisema kwamba mzee yuko nje ya noti, msiiamini haraka, wala msibonyeze kitufe cha kumnyoosha. Kitufe hicho ndicho koleo langu, na kinafanya kazi yake upesi zaidi. Kwanza mwacheni mzee apige mpaka mwisho, mnasikiliza. Kisha isogezeni mashine imfuate, maana mashine inaweza kurudishwa ilivyokuwa kwa dakika moja.

Ilimba sasa iko mezani, si ukutani. Wajukuu wanaruhusiwa kuipiga. Naipiga na mimi nyakati za jioni, na kila nifikapo kwenye ule wimbo wa kijana aliyepanda treni, kuna mahali sauti bado haijakaa sawa. Nimevuta, nimesukuma, haijatii. Pengine si chuma. Pengine ni kidole changu, au ni kitu alichokuwa akifanya mjomba ambacho hakuna uzi utakaonifundisha. Mama mdogo naye ametangulia, kwa hiyo hakuna tena wa kuniambia kama nimefika. Naendelea kukaribia.